Homa haina msimu mmoja huku kwetu, na ndiyo maana inaua kimyakimya

Simama steji ya Sagana uulize watu homa huua mwezi gani. Makanga, mwenye boda, mama anayekaanga samaki kando ya barabara kuu, wote watakujibu bila hata kufikiria: Julai. Wenye umri mkubwa watakuambia ni gathano, ule wakati wa ukungu na manyunyu, jua linapokataa kutoka hadi saa sita na watoto wakienda shule wamefungwa masikio kwa kofia za sufi.

Si uongo. Gathano ya Mlima Kenya si mchezo, na ukipanda kutoka Sagana hadi Karatina, kisha Nyeri, kisha Nanyuki, kila kituo unaongeza sweta. Lakini jibu hilo ni nusu tu. Nusu ya pili ndiyo inayotuponyoka kila mwaka, na wanaolipia ni shosho pale nyumbani na mtoto mchanga wa dada yako.

Tuelewane kwanza kuhusu jina. Huku kwetu kila anayepiga chafya anasema "nimeshikwa na homa". Mafua ya kawaida huletwa na virusi vingi tofauti, na mengi huisha yenyewe hata ukiendelea na shughuli zako. Ninayozungumzia hapa ni influenza, homa kali ya mafua. Hii inakuja kwa ghafla: asubuhi uko sawa, jioni mwili wote unauma, joto limepanda, kichwa kinagonga, kikohozi kikavu, na hata kuinuka kitandani ni kazi. Kijana mwenye afya hupona kwa wiki moja hivi. Si kila mtu hupona.

MAWIMBI MAWILI, SI MOJA

Tangu 2006, Wizara ya Afya, Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu Kenya (KEMRI) na shirika la Marekani la kudhibiti magonjwa, CDC, wamekuwa wakifuatilia influenza katika hospitali zilizochaguliwa sehemu mbalimbali za nchi. Hospitali kuu ya Nyeri, ambayo leo ni ya rufaa ya kaunti, ilikuwa miongoni mwa hizo. Mgonjwa anayelazwa akiwa na shida kubwa ya kupumua huchukuliwa sampuli puani na kooni kwa kijiti cha pamba, kisha maabara huangalia kama ana influenza, na ni ya aina gani.

Watafiti walipopanga matokeo ya miaka ya 2007 hadi 2013 mwezi kwa mwezi, picha iliyotokea haikuwa ya Julai peke yake. Kwanza, virusi vya influenza vilikuwepo nchini mwaka mzima. Pili, kwa kawaida vilipanda mara mbili kwa mwaka: wimbi moja karibu Februari na Machi, na lingine kati ya Julai na Novemba.

Sasa angalia Februari ya Sagana. Ni jua kali, vumbi, mto umepungua, watu wanatafuta kivuli. Wazee wa Agikuyu huuita msimu huo themithu, wakati wa ukavu kabla ya mvua ya njahi. Nani atamwambia shosho ajikinge na homa mwezi kama huo? Hakuna. Sweta ziko kabatini, na mtoto akikohoa tunasema ni vumbi.

Wimbi la pili nalo linaweza kuanzia kwenye baridi ya gathano na kusukuma hadi mvua ya vuli, ile ya mwere. Kwa hivyo hata anayejihadhari Julai huwa ameshalegea Oktoba.

KWA NINI JOTO HALITUOKOI

Ulaya na Marekani, mambo ni rahisi kusoma. Influenza huja na majira ya baridi, vifo vinapanda, majira ya joto yakifika vinashuka. Ukichora kwenye karatasi unapata mlima mmoja kila mwaka. Kutokana na picha hiyo, kwa miaka mingi dunia iliamini kwamba influenza ni ugonjwa wa nchi baridi, na sisi wa ikweta tuna malaria yetu na shida nyingine.

Mwaka 2007 na 2008, wanasayansi huko New York walichapisha majaribio waliyofanya na simbilisi, wale wanyama wadogo wanaofugwa kama sungura. Waliweka wagonjwa karibu na wazima, wakabadilisha joto na unyevu wa hewa. Katika hewa baridi na kavu, virusi vilisafiri vizuri kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Walipofikisha joto nyuzi 30, maambukizi ya kupitia hewani yalikoma. Ungedhani hapo ndipo sisi tunapookoka. Lakini walipowaweka wanyama wale katika kizimba kimoja, wakigusana, waliambukizana hata kwenye joto hilohilo.

Hapo ndipo kuna fundisho letu. Joto linaweza kufunga mlango mmoja na kuacha mwingine wazi. Mkono uliofuta kamasi kisha ukashika chuma cha matatu, kikombe kimoja kinachozunguka, watoto watano kwenye kitanda kimoja: hayo hayasubiri baridi.

Mwaka 2013 watafiti wengine walilinganisha hali ya hewa na misimu ya influenza katika sehemu nyingi za dunia, wakagundua kwamba kuna njia mbili. Penye baridi na ukavu, influenza hupanda wakati hewa ni baridi na kavu zaidi. Penye joto na unyevu mwingi mwaka mzima, hupanda wakati wa mvua nyingi, watu wanapojifungia ndani. Kenya haikai vizuri kwenye kapu lolote kati ya hayo. Tuna pwani yenye joto na unyevu, tuna kaskazini kukavu, tuna milima yenye ukungu. Uchanganuzi wa takwimu za Kenya ulihusisha hasa kupungua kwa unyevu hewani na kuongezeka kwa influenza. Na hewa hukosa unyevu kwa njia mbili: ikiwa kavu kama ya Februari, au ikiwa baridi, kwa sababu hewa baridi haiwezi kubeba mvuke mwingi hata kama nje kuna manyunyu. Themithu na gathano, misimu miwili ambayo tunaiona kama usiku na mchana, kumbe kwa kirusi zinaweza kufanana.

Ukitaka kuona jinsi ramani inavyohusika, nenda Brazil, nchi ndefu inayoanzia ikweta na kushuka hadi kwenye baridi ya kusini. Watafiti walipopitia vifo vya nimonia na influenza vya 1979 hadi 2001, waliona wimbi likianzia kaskazini karibu na ikweta mnamo Machi na Aprili, kisha kuteremka hadi kusini mnamo Juni na Julai. Kwenye kalenda ya taifa zima, nchi moja ilikuwa na zaidi ya msimu mmoja. Sisi wa Mlima Kenya tuko kwenye ikweta yenyewe. Ule mstari watalii wanaopigia picha Nanyuki ndio huo.

Na usije ukasema basi nchi za joto watu hawafi sana. Singapore iko karibu kabisa na ikweta, haijui baridi. Wataalamu wa huko walihesabu vifo vya miaka ya 1996 hadi 2003 wakakadiria kwamba influenza ilihusika na vifo 14.8 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Kiwango hicho kinakaribiana na cha Marekani, nchi ya theluji. Tofauti ni kwamba Marekani vifo vinakuja vimekusanyika, kila mtu anaviona. Kwenye joto vinatawanyika mwaka mzima, na kitu kilichotawanyika hakishtui mtu.

KIFO KISICHO NA JINA

Sasa jiulize: mara ya mwisho ulienda mazishi ukasikia tanzia ikisema marehemu aliuawa na influenza ni lini? Labda hujawahi. Utasikia nimonia. Utasikia presha, moyo, kisukari, au "aliugua kwa muda mfupi".

Influenza ni mwizi anayevunja mlango kisha akaacha wengine waingie. Inaharibu ngozi laini ya ndani ya njia za hewa, na bakteria wanaosababisha nimonia wanapata pa kushikia. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa moyo, ile homa kali inaweza kuleta mshtuko wa moyo siku chache baadaye. Daktari anapoandika sababu ya kifo, virusi vimeshaondoka mwilini, na hakuna aliyechukua sampuli. Kwa miaka mingi nimonia imekuwa miongoni mwa visababishi vikuu vya vifo vinavyosajiliwa nchini Kenya. Ndani ya neno hilo moja kuna influenza iliyojificha.

Na hao ni waliofika hospitali. Anayefia nyumbani huandikishwa kwa naibu wa chifu ili familia ipate kibali cha kuzika. Naibu wa chifu si daktari. Anaandika kile familia inachomwambia. Familia inasema alikuwa akikohoa.

Basi wataalamu huhesabuje? Wanatumia ujanja wa zamani. London mwaka 1847, mtakwimu William Farr aliacha kuhesabu vyeti vilivyoandikwa influenza peke yake. Aliuliza swali jingine: wakati wa mlipuko, watu wangapi wamekufa zaidi ya wale ambao wangekufa kwa kawaida? Ile ziada ndiyo alama ya vidole vya ugonjwa. Njia hiyo inafanya kazi vizuri penye mlima mmoja unaosimama juu ya tambarare. Penye mawimbi madogo mawili yasiyoshika tarehe, na virusi vilivyopo mwaka mzima, tambarare yenyewe ni ngumu kuipata.

Ndiyo maana kazi iliyofanywa magharibi mwa Kenya, huko Siaya, ni ya maana. Kule KEMRI na CDC wana eneo ambalo familia hutembelewa nyumbani mara kwa mara na kila kuzaliwa na kila kifo huandikwa, hata kama mtu hakufika hospitali. Watafiti walichukua vifo vya miaka ya 2007 hadi 2013 wakavilinganisha na miezi ambayo influenza ilikuwa imepanda. Ziada ilionekana. Influenza ilikuwa ikiua kule mashambani, kwenye joto la ziwa, bila kuandikwa popote.

Kwa dunia nzima, makadirio yaliyochapishwa 2018 yalisema influenza ya kila mwaka huua kati ya watu 291,000 na 646,000 kwa matatizo ya kupumua. Na kiwango cha juu zaidi kilikadiriwa wapi? Afrika kusini mwa Sahara. Yaani sisi hapa, tunaoambiana ni ugonjwa wa wazungu.

NANI ANAKUFA, NANI ANAPELEKA

Wanaolemewa kwanza ni wa pande mbili za maisha: watoto wadogo, hasa wa chini ya miaka miwili, na wazee. Waongeze wajawazito, wenye pumu, kisukari, ugonjwa wa moyo, na wanaoishi na Virusi vya Ukimwi, hasa wasiotumia dawa.

Wewe kijana wa sekondari au chuo huenda humo kwenye orodha. Kazi yako katika hadithi hii ni nyingine: wewe ndiye gari. Mtu mwenye influenza huanza kuambukiza karibu siku moja kabla ya kujisikia mgonjwa, na huendelea kwa siku tano hadi saba hivi. Fikiria bweni la vitanda vya ghorofa, madirisha yamefungwa kwa baridi, watu sitini wanavuta hewa ileile. Fikiria mapumziko ya katikati ya muhula, wote mmepakiwa kwenye matatu moja kutoka Nyeri, vioo juu. Unashuka Sagana ukiwa sawa kabisa. Unamkumbatia shosho, unabeba mtoto, unakula nao. Kesho yake ndiyo koo linaanza kuwasha.

Kama unadhani hali ya hewa ndiyo inaamua kila kitu, kumbuka 2020. Shule zilipofungwa kuanzia Machi, watu wakavaa barakoa, matatu zikapakia nusu, tulikuwa tunapigana na Covid. Lakini duniani kote influenza nayo ilipungua mno mwaka huo. Gathano ilikuja kama kawaida, baridi ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni jinsi watu walivyokaribiana.

Na kuna nyakati ambazo vijana wenyewe hawasazwi. Kirusi kipya kabisa kikizuka, msimu haujali, na umri pia haujali. Septemba 1918 influenza iliingia Kenya kupitia bandari ya Mombasa na kupanda bara kwa reli, ikawakuta watu waliochoshwa na vita na njaa. Duniani kote mlipuko ule uliua vijana na watu wazima wenye nguvu kwa wingi usio wa kawaida. Juni 2009 Kenya ilithibitisha mgonjwa wa kwanza wa ile H1N1 mpya, na makadirio ya baadaye yalionyesha kwamba duniani, asilimia 80 hivi ya waliokufa kwa kushindwa kupumua au kwa moyo walikuwa chini ya miaka 65. Kirusi hicho hakikuondoka. Kizazi chake ni miongoni mwa vinavyozunguka hadi leo kama influenza ya kawaida.

CHANJO INAFUATA KALENDA YA NANI?

Kila mwaka Shirika la Afya Duniani hukaa mara mbili kuamua chanjo ya influenza itengenezwe kwa aina gani za virusi: Februari kwa nchi za kaskazini mwa dunia, Septemba kwa za kusini. Kila upande unachanja kabla ya baridi yake. Sisi tuliokalia mstari katikati tufuate nani?

Mwaka 2016 kamati ya wataalamu inayoishauri serikali ya Kenya kuhusu chanjo ilipendekeza watoto wa miezi 6 hadi 23 wachanjwe influenza, kwa kutumia chanjo ya kusini. Pendekezo ni jambo moja, pesa na majokofu ni jambo lingine. Kwa familia nyingi, chanjo hii bado ni ya kulipia katika hospitali ya kibinafsi, na inahitaji kurudiwa kila mwaka. Kama nyumbani mna mzee mwenye kisukari au mjamzito, ni swali la kumuuliza daktari wenu. Mtoto wa chini ya miezi sita hawezi kuchanjwa influenza. Anayemkinga ni mama aliyechanjwa akiwa na mimba, na nyinyi wengine kwa kutomletea ugonjwa.

Kuna chanjo nyingine ambayo ni ya bure na wengi huisahau. Tangu 2011 Kenya huwapa watoto chanjo ya nimokoki, bakteria wakuu wa nimonia, wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Haizuii influenza, lakini inambana yule mwizi wa pili anayeingia mlango ukishavunjwa. Fungua kile kitabu cha kliniki cha mtoto wa dada yako uangalie kama zote tatu zimetiwa alama.

UNAWEZA KUFANYA NINI

Weka miezi miwili kichwani: Februari na Julai. Ikifika, usingoje baridi wala mvua ikukumbushe.

Ukihisi joto na kikohozi, lala chumba kingine mbali na mtoto na mzee, angalau siku tano. Ikikubidi kuwahudumia, vaa barakoa na unawe mikono kwa sabuni. Kohoa kwenye kiwiko. Kikombe chako kiwe chako.

Fungua dirisha, hata kidogo, hata gathano. Na jiko la makaa lisilale chumbani na watoto. Moshi unadhoofisha mapafu yao, na gesi yake inaua watu usingizini.

Usikimbilie duka la dawa kuomba amoksilini mbili tatu. Dawa za bakteria haziui virusi; hapo umetumia pesa na kuwazoesha bakteria dawa. Maji, chakula, mapumziko na dawa ya kushusha joto zinatosha kwa wengi. Mtoto asipewe aspirini. Ipo dawa ya virusi vya influenza, oseltamivir, ambayo hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya siku mbili za kwanza, kwa hivyo mwenye hatari kubwa asikae nyumbani akisubiri kuzidiwa.

Mwisho, jifunze kumtazama mtoto akipumua. Mvue nguo, mwangalie kifua akiwa ametulia. Akipumua haraka kupita kawaida, mbavu zikivutwa ndani kila anapovuta hewa, akikataa kunyonya, akilegea au akipata degedege, usingoje asubuhi. Kwa mzee, ishara ni kukosa pumzi, maumivu ya kifua, au kuchanganyikiwa ghafla. Tafuta namba ya boda anayefanya kazi usiku leo, ukiwa na nafasi, uihifadhi kwenye simu. Na mkifika kituo cha afya, mwambie muuguzi tangu lini homa ilianza na nani mwingine nyumbani ameugua. Maelezo hayo mawili yatamsaidia kujua anapambana na nini.